Jiwe nililochukua kwa Bibi ni kimondo, na sasa silali

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya hapa Dar es Salaam. Nina miaka 43, nimeolewa, tuna watoto watatu, tunaishi Kimara. Naomba jina langu na la shule yasitokee, maana safu yako inasomwa ofisini kwetu.

Mwaka 2015 tulipeleka wanafunzi Mbozi, kusini magharibi mwa nchi, kuona kimondo, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani. Nilikuwa nimekifundisha miaka mingi kwa picha ya kitabuni: tani zipatazo 16, karibu chote chuma, kilichobaki nikeli na vitu vingine kidogo. Siku ile niliweka kiganja juu yake. Kilikuwa cha moto kwa jua la saa saba. Wanafunzi wakaniita twende tukale, nikashindwa kuondoa mkono. Hapo ndipo ilipoanzia.

Tangu siku hiyo nimejifunza mwenyewe, kidogo kidogo. Nikaokota mawe, nikayapima, nikayatupa. Niliposoma habari za Jon Larsen, mwanamuziki wa jazz wa Norway aliyeonyesha kwamba vumbi la vimondo linapatikana hata juu ya mapaa ya mijini, nikaanza kukusanya matope ya mifereji ya bati la shule. Tunayaosha na wanafunzi, tunayakausha, tunapitisha sumaku iliyovishwa mfuko wa nailoni, kisha tunatazama kwa hadubini. Nyingi ni cheche za mafundi wa kuchomelea. Hatujapata hata chembe moja ninayoweza kuiapia, lakini Jumamosi watoto wanakuja wenyewe bila kuitwa.

Shida ilianza nilipoanza kununua. Nilinunua kipande cha Sikhote-Alin, kile kimondo cha chuma kilichoanguka mashariki ya mbali ya Urusi tarehe 12 Februari 1947, gramu 31 tu. Nikanunua na vingine viwili vidogo. Kisha mtu mmoja akaniletea jiwe zito jeusi, akasema limetoka porini, nikampa shilingi laki saba nilizokopa kwenye kikoba. Nilipolikata kwa grinda ndani likawa na vitundu vitundu kama kitumbua. Ni mavi ya chuma, taka ya tanuri. Mume wangu anaamini mkopo ule ulilipa ada. Mawe yote anajua ni vifaa vya kufundishia. Jumla nimetumia kama milioni mbili na laki tatu kwa miaka minne, na yeye hajui hata laki moja.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Si mtu mbaya. Hunitania kwamba nimeolewa na mawe. Safari moja aliniletea jiwe alilookota barabarani, amelifunga kwenye gazeti. Lilikuwa jiwe la mtoni tu, nikaliweka na mengine. Jirani mmoja ameanza kunong'ona kwamba ninafuga mambo, kwa sababu aliniona usiku ninazungusha jiwe kwenye uzi mbele ya sumaku. Dada wa kazi naye alikataa kufagia kile chumba.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana tulikwenda msibani kijijini kwa mume wangu, mkoa wa kati. Tulilala kwa shangazi yake, mzee wa miaka zaidi ya themanini, ambaye sote tunamwita Bibi. Asubuhi alikuwa ameanika mtama juu ya turubai, na kila pembe ameweka jiwe. Matatu yalikuwa ya kawaida. La nne lilikuwa dogo kuliko wenzake, lakini nilipolisogeza kwa mguu halikusogea. Nikainama. Lilikuwa na ukoko mweusi mwembamba, umechubuka upande mmoja, na vibonyeo kama vya kidole gumba kwenye unga uliokandwa. Nilizunguka nalo nyuma ya banda la mbuzi, nikatoa sumaku kwenye mkoba. Ikanasa.

Nikamwambia Bibi nimelipenda, nitalitumia shuleni. Akasema, "Chukua mwanangu, mawe yamejaa." Nikampa elfu hamsini, nikamwambia ni hela ya sukari. Nikatafuta kipande cha tofali nikakiweka kwenye pembe ya turubai. Tulipokuwa tunapakia mizigo ndipo akaniambia kwamba jiwe lile aliliokota marehemu mumewe, mwaka ule walipohamishiwa kijijini, kama miaka hamsini iliyopita. Usiku kulipita mwanga mkubwa, ukafuatiwa na ngurumo bila wingu, na kesho yake akalikuta shambani limezama kidogo kwenye udongo. Alilipenda, hakutaka litupwe.

Nilimpelekea mtaalamu mmoja wa miamba. Akalisugua msasa pembeni mpaka vikaonekana vidoa vya chuma na punje duara ndogo ndogo. Baada ya wiki kadhaa akaniambia: ni kondriti, kimondo cha mawe. Kilo 3 na gramu 400. Nililia barabarani kwa furaha.

Mwezi uliopita mtu aliyepata habari zangu akaniunganisha na mnunuzi wa nje. Anatoa dola 3,200, kama milioni 8 za kwetu. Masharti ni mawili: niandike kwamba jiwe lilinunuliwa Moroko, limetoka Sahara, na nimkabidhi kijana wake atakayesafiri nalo kwenye begi. Pesa zitafuata likifika. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Binti yetu anaingia chuo cha uuguzi mwaka huu. Kikoba ninadaiwa. Na juzi Bibi alipiga simu, jicho lake moja lina mtoto wa jicho, anasubiri auze alizeti ndipo aende hospitali. Kabla ya kukata akauliza, "Lile jiwe limekufaa?" Nikamjibu limenifaa sana kufundishia. Tangu simu ile sijalala vizuri.

Mama, nilimdhulumu Bibi? Niuze? Na mume wangu nimwanzie wapi? Nahofia ataniambia nimemwibia shangazi yake.

Mwalimu, Kimara

JIBU

Marahaba, mwalimu wangu, na pole kwa usiku huo usio na usingizi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniuliza maswali matatu kana kwamba ni moja, na nadhani ndiyo maana yanakulemea. Kuna jiwe na bei yake. Kuna Bibi. Na kuna mume wako na yale usiyomwambia kwa miaka minne. Ukiyashika yote kwa mkono mmoja kila ukivuta huku, kule kunakaza. Niruhusu niyatenganishe kidogo, ingawa mwishoni utaona yanakutana palepale kwenye turubai la mtama.

Nianze na nyuma ya banda la mbuzi. Ungeweza kunificha, lakini umeniandikia. Ungeweza kutoa sumaku mbele ya Bibi, ukamwonyesha inavyonasa, mkacheka pamoja. Ulijificha. Sisemi hivyo kukushtaki. Nadhani moyo wako ulijua hapo hapo kwamba unachokitafuta ukikisema kwa sauti, mambo yatabadilika. Kinachokuuma leo kilizaliwa dakika ile, kabla ya mtaalamu na kabla ya dola.

Lakini usijibebeshe zaidi ya kilichotokea. Ulikuwa na tumaini, hukuwa na ujuzi. Wewe mwenyewe unajua kwamba sumaku hunasa mawe mengi ya hapa hapa duniani, na hunasa mavi ya chuma vilevile. Laki saba zako zilikufundisha. Siku ile ulichobeba kwenye gari kingeweza kuwa jiwe la kukandamizia turubai tu. Kwa hiyo swali la "nilimdhulumu?" mimi ningelisogeza mbele kidogo. Ujuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa, na tangu hapo Bibi amepiga simu, ameuliza, nawe umemjibu. Kati ya siku ya banda na siku ya simu, ni ipi inayokukosesha usingizi? Jibu lake unalo wewe.

Kisha hela ya sukari. Umeandika kichwani mwako kwamba "ulinunua", na kwa hiyo unajiuliza kama bei ilikuwa halali. Lakini Bibi hakutaja bei. Alisema chukua mwanangu. Kwa desturi zetu mzee akikupa kitu nawe ukamwekea noti mkononi, hamjafanya biashara. Amekupa, na wewe umeshukuru. Sasa, hilo linakupunguzia mzigo au linakuongezea? Mwingine atasema: kilichotolewa kimetolewa, ni changu. Mwingine atasema: alichotoa Bibi ni jiwe la pembeni mwa turubai, kumbukumbu ya mumewe na usiku wa ngurumo hakuvitoa, alivisimulia tu wakati mizigo imeshapakiwa. Wote wawili wana hoja, na mimi sina mizani ya kukuamulia.

Mnunuzi wako nina wasiwasi naye zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Wewe ni mwalimu, unajua kwamba kimondo hupewa jina la mahali kilipoanguka. Kuna kimondo kilichoanguka kwetu tarehe 16 Desemba 1938, huko huko kusini magharibi karibu na Mbozi yako, gramu zipatazo 700 tu. Kinaitwa Ivuna. Wataalamu wakikitaja popote duniani wanatamka jina la kijiji chetu. Kuna kundi zima la vimondo adimu linaloitwa kwa herufi ya kwanza ya Ivuna, na Wajapani walipoleta udongo kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, waliulinganisha na kundi hilo. Jiwe la kushika kwa mkono mmoja, jina la kijiji likafika huko. Yale yanayouzwa masokoni Moroko mengi hayajulikani yaliokotwa wapi hasa, kwa hiyo yanapewa jina la jumla la Afrika Kaskazini Magharibi na namba. Mnunuzi anakuomba ulifanye la Bibi liwe namba.

Fikiria kinachopotea hapo. Kijiji kinapotea. Usiku wa mwanga na ngurumo unapotea. Mzee aliyeinama shambani akaliokota, naye anapotea. Ukisoma habari za Mbozi unaambiwa kimondo kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, wakati wenyeji walikuwa wakiishi nacho vizazi na vizazi na jina la kwanza aliyekiona haliko popote. Nilipofika kwenye sharti la Sahara katika barua yako, hilo ndilo lililonijia, nikaumia.

Halafu kuna upande wa mfukoni. Jiwe linaondoka kwanza, pesa inafuata. Begi linapita uwanja wa ndege bila karatasi. Mtu wa ukaguzi haoni kimondo, anaona jiwe la madini lisilo na kibali, na kusafirisha madini nje bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Kijana akikamatwa atataja jina la nani? Na kijana asipokamatwa, pesa isipofika, wewe utamshtaki nani na karatasi uliyoandika mwenyewe inasema jiwe ni la Moroko? Hapa mjini tumeona watu wazima wakilizwa na hadithi za rupia na zebaki nyekundu. Jiwe lako ni la kweli, lakini njia anayokuonyesha huyu bwana ni ileile wanayopitia matapeli wale.

Hata milioni 8 zenyewe zishike taratibu. Mwaka 2020 kule Indonesia kimondo kilitoboa paa la fundi wa majeneza, magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba amekuwa milionea wa dola. Pesa aliyoipata ilikuwa kama dola 14,000. Ni nyingi, lakini si ile ya magazeti, na mtu huyo alilazimika kuishi na macho ya watu waliodhani amekuwa tajiri. Bei ya kimondo hutegemea aina yake, ukoko umebaki kiasi gani, na je, kuna aliyekiona kikianguka. La mwisho ndilo lenye uzito kwako. Kondriti za kawaida ziko nyingi duniani. Kondriti ambayo kuna mtu aliyeshuhudia mwanga, akasikia ngurumo, ni kitu kingine kwa wataalamu na kwa wakusanyaji vilevile. Huyu anayetaka useme Sahara anakuomba utupe kile kinacholipatia jiwe lako thamani, kisha akulipe bei ya lililobaki.

Njia zipi basi ziko mbele yako? Naziona kadhaa, na hakuna iliyo nyepesi.

Unaweza kulipeleka kwenye njia ya wazi: kuandika barua Makumbusho ya Taifa, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma, ukaeleza ulichonacho na kuomba kujibiwa kwa maandishi kuhusu umiliki na vibali. Kimondo kikitaka kutambuliwa kimataifa, kipande kidogo, gramu 20 kwa jiwe kama lako, lazima kibaki kwenye taasisi ya utafiti, nacho hupewa jina lake na kuandikwa. Hatari ni kwamba inachukua muda, chuo cha binti hakisubiri, na unaweza kuambiwa jiwe libaki nchini na usipate zaidi ya shukrani. Ungeweza kuishi na hilo? Usiharakishe kujibu ndiyo kwa sababu linasikika vizuri.

Unaweza kumwambia Bibi kwanza, kabla ya taasisi yoyote. Moyo wangu unavutiwa na njia hii, nakiri, lakini usidhani ni salama. Habari ikitoka kwa Bibi itafika kwa wanawe, kwa wajomba, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Milioni 8 zitakuwa themanini kabla ya jua kuzama. Watu watachimba shamba lile. Ninachohofia zaidi ni kikao cha ukoo kukaa, wanaume wakaligawa jiwe na pesa zake, na mwenye jicho bovu akabaki akipika chai ya kikao. Ukimwambia, fikiri namna ya kumwambia yeye, peke yake, na umwulize yeye anataka nini. Huenda akataka pesa ya jicho, au jiwe lake lirudi pale pale. Anaweza pia akacheka akakuambia alishasema chukua.

Unaweza kulibakiza. Hilo nalo ni uamuzi, ingawa lina hatari zake. Unakaa karibu na bahari, mwalimu. Vile vidoa vya chuma ndani ya kondriti vinakula kutu na hewa ya Dar es Salaam haina huruma. Lililala miaka hamsini kwenye ukavu wa mkoa wa kati; hapa linaweza kuanza kuvimba madoa ya kahawia kwa msimu mmoja wa masika. Popote litakapoishia, kwa sasa usilioshe kwa maji, liweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ubadilishe kila vikichoka. Na sumaku kali usilikaribishe tena, maana inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe limetoka nayo huko juu, na watafiti wanaihitaji.

Sasa baba watoto.

Umeandika kwamba unahofia atasema umemwibia shangazi yake. Labda atasema. Lakini rudi kwenye barua yako, mahali ulipopita haraka: mtu huyu, na lori lenye mzigo, njia ya Tunduma, alisimama akashuka akaokota jiwe, akalifunga kwenye gazeti, akalisafirisha mpaka Kimara. Alidhani lina maana kwako, na wewe ukaliweka na mengine ingawa ulijua ni la mtoni. Umemchora mume atakayekucheka au kukukaripia, na kwenye barua hiyohiyo kuna huyu mwingine aliyeshuka kwenye lori. Unamfahamu yupi zaidi?

Simaanishi kwamba atapokea kwa tabasamu. Milioni mbili na laki tatu ni pesa, na kikoba kimekaa katikati yenu kama mtu wa tatu. Mke akimwambia mumewe jambo la hivi, kuna siku mbili tatu za kimya ndani ya nyumba ambazo lazima zipite. Ila pima na upande mwingine: Bibi ana simu. Ameshakuuliza wewe. Kesho atamwuliza mpwa wake, kwa nia njema kabisa, "Lile jiwe la mume wangu alilochukua mkeo, lipo?" Ungependa alisikie kwa mdomo wa nani kwanza? Na ukimwambia, unaweza kuanza na ada na kikoba, jambo ambalo ni lenu wawili, kabla ya jiwe, ambalo ni la ukoo wake. Au ukaona kinyume. Wewe unajua huwa anasikiliza vizuri saa ngapi, akiwa ameshakula au akiwa anaosha lori.

Kuhusu mnong'ono wa jirani nitasema kidogo tu. Mama yangu alikuwa akiona nyota imekatika usiku anasema audhubillahi, kwamba shetani amepigwa, na anatuingiza ndani. Watu wengi wa hapa wamekua hivyo, si ujinga wao, ndivyo walivyofundishwa na waliowapenda. Mwite dada wa kazi mchana, mpe jiwe alishike, mweleze kama unavyowaeleza watoto wa Jumamosi. Jirani naye akialikwa chai atapata cha kusimulia kilicho bora kuliko anachosimulia sasa.

Na hao watoto wa Jumamosi, mwalimu, umewataja mistari michache kisha ukaharakisha kwenda kwenye manunuzi. Matope ya mifereji hayakukukopesha kikoba wala kukufanya ujifiche nyuma ya banda. Sikuambii uache kukusanya; ulichokipata Mbozi chini ya kiganja chako hakiondolewi kwa ushauri wa mtu. Ninauliza tu ni lini mara ya mwisho ulifurahia jiwe bila kulificha. Kipande chako cha Sikhote-Alin, wanafunzi wamewahi kukiona?

Mwisho wa mwezi ni tarehe ya mnunuzi. Yako inaweza kuwa nyingine. Hakuna kitakachoharibika ukimwambia bado sijaamua, na akikasirika utakuwa umejifunza jambo kumhusu bure.

Jambo moja halisubiri, vyovyote utakavyoamua kuhusu kuuza. Yaliyotokea usiku ule yako kichwani kwa mtu mmoja tu aliyebaki, naye ana zaidi ya miaka themanini. Likizo ikifika, mpeleke Bibi hospitali kwa jicho kama uwezo upo, na ubebe daftari. Mwulize mwanga ulitokea upande gani wa nyumba, ukaelekea wapi. Ngurumo ilikuja baada ya muda gani, na ilikuwa moja au nyingi? Ulikuwa msimu wa kupanda au wa kuvuna? Jiwe lilipookotwa lilikuwa la moto au baridi, na kulikuwa na mengine? Andika maneno yake kama anavyoyasema, na juu ya ukurasa andika jina la mumewe.

Ukimaliza, tazama pembe ya nne ya turubai kama bado pana kile kipande cha tofali. Kisha niandikie, mwanangu. Nitataka kujua alikujibu nini.